Bunduki kuukuu ya jeshi: namna ya kuchagua inayofuata

Maswali ni yale yale. "Nina Mosin moja, sasa nichukue ipi?" "Nimeona Mauser safi lakini namba hazifanani, niiache?" "Lee-Enfield na Kar98k, ipi bora?" (Mosin ni bunduki ya Kirusi, Mauser na Kar98k ni za Kijerumani, Lee-Enfield ni ya Kiingereza, na "namba" ni zile zilizopigwa kwenye vipande vyake.) Kuyajibu moja moja kumenichosha, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana bunduki moja au mbili za kijeshi, anazimiliki kihalali, na anatafuta ya kuongeza. Ya kwanza huwa hainunuliwi kwa hesabu. Mtu anaiona, moyo unaenda, basi. Kazi inaanza na ya pili. Mimi nilinunua Mosin-Nagant tatu mfululizo kwa sababu kila moja ilikuja na bei ambayo niliona nikiiacha nitajuta. Siku nilipozipanga ukutani nizipige picha ndipo nikaona kwamba nina kitu kimoja mara tatu, tofauti ni rangi ya mbao tu. Hatua zilizo hapa chini ndizo ningetamani mtu anipe kabla ya ile ya pili.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Kibali kinachoruhusu aina hiyo ya silaha, kaliba hiyo (kipimo cha risasi na mtutu wake), na idadi hiyo. Sheria zinatofautiana sana. Marekani kuna leseni ya wakusanyaji inayohusu silaha zilizotimiza angalau miaka 50. Uingereza baadhi ya bunduki za kale za kaliba zisizotumika tena huchukuliwa kama kumbukumbu. Kwingine utaruhusiwa tu bunduki iliyozimwa isiweze kufyatua, au hutaruhusiwa kabisa. Uliza mamlaka inayotoa vibali, usimuulize muuzaji.
- Sefu yenye urefu wa kutosha. Watu hucheka nikisema hivi, kisha wanarudi na Mosin 91/30 ya sentimita 123 na kabati la sentimita 115. Kar98k ina sentimita 111, SMLE (Lee-Enfield fupi) 113, Gewehr 98 (Mauser ndefu iliyoitangulia Kar98k) 125. Pima ndani, si nje.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali, kioo cha kukuza, na kitambaa cheupe cha pamba pamoja na uzi au fimbo ya kukipitisha kwenye mtutu.
- Risasi butu za kaliba unayoitafuta, zile zisizo na baruti wala kiwashio. Zinasaidia kukagua bila hatari.
- Fundi wa bunduki anayemiliki geji za kupima chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa). Kama humjui hata mmoja, mtafute sasa, kabla hujatoa pesa.
- Daftari. Simu inafaa kwa picha, lakini maandishi yawe mahali pamoja.

Hatua ya 1: Soma kabati lako kwanza

Toa ulizonazo, ziweke mezani, andika kila moja: nchi, kiwanda, mwaka, kaliba, hali. Halafu jiulize: mgeni akiingia hapa, zinamwambia nini? Mkusanyiko wa bunduki tano zinazojuana unavutia kuliko wa kumi na tano zilizokutana kwa bahati.

Tuseme unayo Mosin 91/30 ya kiwanda cha Izhevsk ya mwaka 1942. Inaweza kukupeleka njia kadhaa. Ukifuata silaha yenyewe, inayofuata ni kabaini (bunduki iliyofupishwa) M38, au M44 yenye singe ya kukunja ubavuni. Ukifuata vita, inayofuata ni Kar98k, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wa upande wa pili. Njia ninayoipenda zaidi ni kufuata safari ya chuma, na hapo inayofuata ni Mosin ya Finland, hasa M39. Finland haikutengeneza resiva zake (resiva ni kile kiwiliwili cha chuma ambamo mtutu unafungwa na bolti, kipande chenye mkono kinachofunga nyuma ya risasi, inateleza). Ilichukua za Kirusi, zilizotekwa na zilizonunuliwa, ikazifunga mitutu mipya ya viwanda vyake vya Sako, VKT au Tikka na mbao mpya. Kwa hiyo unaweza kushika bunduki ya mwaka 1940 na kitu, ukaifungua, ukakuta chini ya resiva tarehe ya miaka ya 1890. Chuma kimoja kimetumikia dola mbili zilizopigana.

Unaweza pia kufuata ukoo wa Mauser, ambao ni mkubwa kuliko yote: Sweden, Czechoslovakia, Yugoslavia, Argentina, Uturuki. Au vita yenyewe. Wengi hawajui kwamba katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, inayotia risasi moja moja na kutoa wingu la moshi kila ikilia. Mkusanyiko wa vita ile ungehitaji bunduki hiyo kando ya Lee-Enfield, na hapo ungekuwa na la kusimulia.

Chagua njia moja, uiandike juu ya ukurasa. Si kiapo, unaweza kubadili. Ila siku ya mnada, mkono ukianza kupanda wenyewe, ukurasa huo ndio utakaokushika shati.

Hatua ya 2: Tafuta risasi kabla ya bunduki

Kama unakusanya kwa kutazama tu, ruka hatua hii, ila soma onyo lililo mwishoni mwake. Kama unapiga shabaha uwanjani, kwanza hakikisha risasi zake zinapatikana na zinaruhusiwa ulipo. Kaliba kama .30-06, 7.92x57, 7.62x54R na 6.5x55 bado zinatengenezwa. Kuna bunduki nzuri sana ambazo risasi zake utazitafuta kwa tochi: 8x56R ya Steyr M95, 7.35 ya Carcano M38, 8 mm ya Lebel.

Angalia pia kama bunduki inahitaji klipu maalumu, yaani kibanio kinachoshika risasi pamoja. Carcano inalishwa kwa klipu ya risasi sita inayoingia magazini pamoja nazo. M1 Garand ni klipu ya risasi nane. Za Garand zipo tele. Za Carcano, ukizipata, chukua.

Onyo. Jina la kaliba halitoshi. "Milimita 8 ya Mauser" ni risasi mbili. Bunduki ya Gewehr 88 ilianza na risasi yenye kipenyo cha milimita 8.08; mwaka 1905 jeshi la Ujerumani likahamia kwenye risasi ya milimita 8.20 yenye nguvu zaidi. Baadhi ya mitutu ya zamani ilirekebishwa na kupigwa chapa ya S, mingine haikuguswa. Risasi mpya kwenye mtutu wa zamani ni balaa. Steyr M95 nayo ilihamishwa kutoka 8x50R kwenda 8x56R, na herufi S au H juu ya chemba ndiyo ushahidi. Chapa isiposomeka, fundi achukue vipimo vya chemba na mtutu. Hapa hakuna kubahatisha.

Hatua ya 3: Andika majina matatu, yasizidi

Ukiwa na jina moja utalipa bei yoyote. Ukiwa na kumi hutajifunza hata moja vizuri. Haya ni maoni yangu kuhusu zile zinazoulizwa mara nyingi. Usiyachukue kama msahafu.

*Lee-Enfield.* Kama huna hata moja, fikiria hii kwanza. Magazini ya risasi kumi, bolti inateleza kama imepakwa siagi, na aina zake zinatosha kujaza maisha: SMLE ya 1907 na kuendelea, No. 4 ya Vita vya Pili, No. 5 fupi ya msituni, za viwanda vya Lithgow, Long Branch, Savage, Ishapore. Jihadhari na mbili. Ishapore 2A na 2A1 ni za 7.62 ya NATO, si .303, hata kama zinafanana na SMLE kwa mbali. Na chapa ya DP maana yake bunduki ilitengwa kwa mafunzo ya gwaride. Ya kutazama sawa, ya kupiga hapana.

*Kar98k.* Kila mtu anaitaka, kwa hiyo udanganyifu umejaa. Nitairudia kwenye hatua ya 5.

*K31 ya Uswisi.* Bolti yake inavutwa moja kwa moja bila kuinuliwa. Ubora wa kazi unashangaza. Kitako mara nyingi kimeliwa na unyevu na mateke ya buti, usiogope. Fungua skrubu mbili za bamba la kitako: wakati mwingine utakuta kikaratasi chenye jina na kikosi cha askari aliyekabidhiwa. Mimi nilikikuta, kimekunjwa, maandishi ya taipureta yamefifia lakini yanasomeka. Nilikirudisha palepale.

*Mauser ya Sweden, M96 au M38.* Nyingi zina kisahani cha shaba ubavuni mwa kitako, na alama juu yake zilieleza kipenyo na hali ya mtutu siku ulipokaguliwa. Ni kama cheti cha daktari, ila cha zamani. Kagua mwenyewe pia.

*Arisaka.* Ua la krisanthemamu lenye petali 16 juu ya chemba ni alama ya mfalme wa Japani, na bunduki nyingi zilizosalimishwa zilikwaruzwa ua hilo. Lililo zima huongeza bei. Aina ya 99 za mwanzo zina kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Za 1945 zimechongwa kwa haraka, nyingine bamba la kitako ni la mbao, na hata hizo zina mvuto wake. Hatari iko kwenye zile za mafunzo ya shule, ambazo resiva yake ni chuma cha kusubu na hazikuumbwa kupiga risasi ya kweli kabisa.

*MAS-36 ya Ufaransa.* Inadharauliwa bure. Fupi, imara, singe yake inajificha kwenye bomba chini ya mtutu. Haina kitufe cha usalama, na hilo halikuwa kosa la kiwanda, ndivyo walivyoamua.

*SKS na Garand.* Ni nusu-otomatiki (zinajipakia zenyewe kila ukipiga), kwa hiyo sheria ya pengi inaziweka kundi jingine kabisa. Rudi kwenye kibali chako kwanza.

*Springfield M1903 ya Marekani.* Angalia namba kabla ya kitu kingine chochote. Resiva za Springfield Armory zenye namba chini ya 800,000, na za Rock Island chini ya 285,507, zilipikwa kwa njia iliyoacha baadhi zikiwa na chuma chepesi kuvunjika. Kwa kutazama, nunua kwa amani. Usizipige.

Hatua ya 4: Shika, fungua, chungulia

Hapa usiharakishwe na mtu.

Kwanza usalama: elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua bolti, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo. Fanya hivyo hata kama muuzaji ameifanya mbele yako sekunde iliyopita.

Halafu mtutu. Omba ruhusa ya kupitisha kitambaa. Anayekataa bila sababu amekuambia bei halisi ya bunduki yake. Grisi ya zamani ya jeshi ni nyeusi au ya kahawia na huufanya mtutu mzima uonekane umeharibika, na pia huficha ulioharibika kweli. Siku moja nilipitisha vitambaa vitano kwenye kitu kilichoonekana kama bomba la moshi. Cha tano kikatoka na rangi ya chai tu, na michirizi ya ndani ikatokea imesimama wima, kingo kali. Siku nyingine, kwa muuzaji mwingine, kitambaa cha tatu kilitoka karibu cheupe na ndani bado giza. Hiyo si grisi. Hayo ni mashimo ya kutu. "Ni grisi tu," alisisitiza. Nikamshukuru nikaondoka.

Mulika tochi upande wa chemba, chungulia mdomoni, kisha geuza. Tafuta michirizi iliyozama sawasawa, bila pete nyeusi. Pete moja nene katikati huashiria kwamba risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake, mtutu umevimba. Ukungu mwepesi kama pumzi kwenye kioo hauna shida.

Mdomo wa mtutu unahitaji dakika yake. Askari walisafisha kwa fimbo ya chuma, miaka na miaka, na fimbo hulamba kingo za mdomo. Chukua risasi butu, ichomeke kwa ncha mdomoni. Ikizama hadi ganda ligote, mdomo umeliwa. Lakini Mosin nyingi zilizopita kwenye karakana za Kisovieti zilichongwa mdomoni, sehemu iliyoliwa ikaondolewa kwa kutanuliwa, michirizi ikaanzia ndani kidogo. Kwa bunduki hizo risasi butu itazama, na bado zinaweza kupiga vizuri. Mulika uone.

Bolti: iingize na kuitoa taratibu. Angalia uso wake, pale sindano ya kupigia inapotokea. Ukiona duara la vishimo vidogo, ni alama ya gesi iliyovuja kwenye viwashio. Angalia magego yanayofunga bolti kama yamemeguka.

Mbao: nyufa hukaa nyuma ya resiva, pale kishindo kinapogonga. Ufa wa urefu wa kucha unaweza kugundiwa. Ufa unaozunguka shingo ya kitako maana yake utahitaji mbao mpya.

Nafasi ya chemba, yaani ule mwanya kati ya kitako cha ganda na uso wa bolti, haionekani kwa macho. Ni kazi ya geji. Kwenye Lee-Enfield No. 4 vichwa vya bolti vilitolewa kwa namba 0 hadi 3, na fundi hubadilisha kichwa mpaka mwanya ukae sawa. Usinunue kichwa namba 3 ukajibadilishia mwenyewe kwa kukisia.

Hatua ya 5: Namba, chapa, na maneno ya muuzaji

Swali la "namba hazifanani" lina majibu matatu.

Bunduki iliyotoka kiwandani ikaishi bila kuchanganywa ina namba moja kwenye resiva, bolti, na vipande vidogo. Hiyo ndiyo ghali. Ya pili ilipita karakana ya jeshi, ikavunjwa, ikaunganishwa tena na vipande vya nyingine, na karakana ikaandika namba upya. Hiyo ni historia halali; inafaa tu iuzwe kwa jina lake. Ya tatu imeunganishwa na mtu gereji mwaka juzi ili ionekane kama ya kwanza.

Kutofautisha ya pili na ya tatu ndiyo kazi. Chukua Kar98k zilizotekwa na Wasovieti. Zilitumbukizwa kwenye madawa ya kurudishia chuma rangi, mbao zikapakwa shelaki (aina ya vanishi) yenye wekundu, resiva nyingi zikapigwa chapa ya X, na bolti isiyo yake ikaandikwa namba ya resiva kwa kalamu ya umeme. Mwandiko huo ni wa mkono, una mitetemo, mistari ni myembamba. Namba ya kiwanda imepigwa kwa nyundo: tarakimu zimezama, chini ni bapa, na pembeni chuma kimeinuka kidogo. Weka kioo cha kukuza, weka kidole. Tarakimu iliyopigwa juzi ina makali yanayokwaruza ngozi, na chuma ndani yake kinang'aa wakati pande zote kimezeeka.

Jifunze chapa chache za zile tatu ulizoandika. Nyota ni Tula, mshale ndani ya pembetatu ni Izhevsk. "byf" ni Mauser wa Oberndorf. "SA" ndani ya kisanduku ni jeshi la Finland. Mkanganyiko wa chapa na mwaka ni zawadi kwako: zile Lee-Enfield zinazochongwa kwa mkono mpakani mwa Pakistan na Afghanistan wakati mwingine zina herufi N iliyogeuzwa, au taji lenye V.R. la Malkia Victoria kando ya mwaka 1910 na kitu. Malkia alifariki Januari 1901. Bunduki hizo zinakusanywa pia, kama kazi ya mikono. Usizipige risasi.

Kuhusu simulizi za muuzaji, kwamba babu yake aliichukua mkononi mwa ofisa huko Stalingrad: msikilize kwa adabu, kisha muulize karatasi. Hati ya kurudi nayo nyumbani, barua, picha yenye namba inayosomeka. Kama hakuna, lipa bei ya chuma na mbao zilizo mezani.

Hatua ya 6: Bei, na kuondoka

Kabla ya kwenda, andika kiwango chako cha juu, na ndani yake hesabu usafiri, ada ya mnada, geji ya fundi, na vipande vinavyokosekana. Singe, mkanda na fimbo ya kusafishia vikinunuliwa kimoja kimoja vinaweza kula tofauti yote uliyodhani umeokoa. Bunduki iliyokatwa mbao na kubadilishwa kuwa ya kuwindia ni rahisi kununua, na kuirudisha ilivyokuwa karibu siku zote kunagharimu kuliko kununua nzima. Isipokuwa, na hii hutokea, mbao tu ndizo zilizokatwa, mtutu mzima haujaguswa, na wewe tayari una mbao sahihi.

Mtandaoni, omba picha za mdomo wa mtutu, uso wa bolti, kila namba, na chini ya kitako. Picha kumi za ubavu mmoja ni mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 7: Ikifika nyumbani

Piga picha kabla hujaigusa na kitambaa. Andika daftarini namba zote, tarehe, bei, na ilikotoka. Kama sheria inataka uisajili, fanya siku hiyo.

Kisha grisi. Ivue mbao, chuma kipashwe joto kiasi, grisi ikilainika ifute, malizia na tapentaini isiyo na harufu mahali penye hewa, mbali na moto. Ndani ya bolti usipasahau. Kwenye SKS nyingi sindano inaelea bila springi, na grisi iliyoganda humo huweza kuishika mbele. Bolti ikijifunga, risasi inalia bila kidole kugusa kifyatulio. Ifungue, isafishe mpaka sindano icheze kwa sauti ukiitikisa.

Mbao usipige msasa. Narudia kwa sababu nilipiga: bunduki yangu ya kwanza ilikuwa na mhuri wa mkaguzi kwenye kitako, duara dogo lenye herufi mbili, na jioni moja ya bidii ikaufuta. Mbonyeo huinuliwa kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto. Mbao zilizokauka zipake mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa mkono. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze vikauke nje au vitumbukize majini. Vikirundikwa hujipasha joto na kuwaka vyenyewe.

Rangi ya chuma iliyofifia iache ilivyo.

Ukikwama

*Bolti ya Mosin inagoma kufunguka baada ya kupiga.* Mara nyingi ni grisi iliyoganda kwenye chemba, inanata ikipata moto. Brashi ya shaba ya bunduki ya marisawa ya geji 20, tapentaini, na subira. Ikiendelea kugoma chemba ikiwa safi, mpe fundi.

*Nilisafisha vizuri, kesho yake mtutu una kutu.* Ulipiga risasi za zamani zenye kiwashio cha klorati. Zinaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ndiyo yanayeyusha: mimina maji ya moto kupitia chemba, kausha kabisa, kisha mafuta. Fanya hivyo saa chache baada ya kupiga, usingoje kesho. Kwenye SKS safisha pia bomba la gesi na pistoni.

*Risasi zinaenda pembeni.* Kabla ya kulaumu mtutu, kaza skrubu za resiva na uangalie kama kilengeo cha mbele kimesogezwa. Mosin nyingine zilipangwa kwa kupigwa singe ikiwa imefungwa. Ukiitoa, shabaha inahama.

*Kutu jipya linatokea ndani ya sefu.* Toa bunduki kwenye begi la ngozi au sponji, hivyo vinahifadhi unyevu. Weka vifuko vya kunyonya unyevu, futa alama za vidole kwa kitambaa cha mafuta kila ukiishika.

*Namba ya bolti haifanani na muuzaji hakusema.* Kwanza geji, kwa kuwa bolti ngeni inaweza kubadili mwanya wa chemba. Ikipita, bunduki ni nzima na mnaongea bei. Isipopita, rudisha, au ikae ukutani bila kupigwa mpaka bolti sahihi ipatikane.

*Sefu imejaa na nimeona ninayoitaka.* Rudi kwenye daftari, tafuta zinazorudiana, uza moja kwa njia ya kisheria kwanza. Mosin zangu mbili ziliondoka hivyo. Mahali pake imekaa ile K31, na kikaratasi chake bado kiko chini ya bamba.